Kijiwe cha Kiindonesia Makambako

Watu wakisikia kwamba huwa nawaombea vijana wa Indonesia, wananicheka. Wenzangu wa kwaya walidhani ni masihara. Wala si masihara. Sijawahi kufika huko, na kwenye ramani ya shuleni nilikuwa naiona ile nchi kama makombo yaliyomwagika baharini. Lakini nawaombea kwa moyo wote, tena kabla sijayaombea mahindi yangu, na anayetaka kujua sababu akae nimweleze.

Binti yetu wa mwisho aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa kidato cha tatu. Tulimpeleka hospitali amebebwa, akatoka anatembea kwa miguu yake, na mimi nikaimba njia nzima mpaka nyumbani kwetu Mahongole. Hatukujua kwamba masikio yamebaki kule. Kesho yake nilimwita kutoka jikoni, nikamwita tena, kisha nikamfuata na mwiko mkononi, nimeshapandisha hasira. Nikamkuta amekaa anaangalia dirisha. Alipogeuka akaona mdomo wangu unavyokwenda, akaanza kulia. Ndipo na mimi nikajua.

Kusema alikuwa anaweza, maana sauti haikuugua. Lakini mtu asiyejisikia hajui kama anapiga kelele au ananong'ona, na sauti yake ikaanza kutoka nzito, imepinda, mara juu mara chini. Siku moja dukani aliomba chumvi, watu waliokuwepo wakacheka. Hakukisikia kicheko, ila aliona meno. Tangu siku ile akafunga mdomo. Shule akaacha. Akitaka kitu anaandika kwenye simu ndogo ya baba yake, ananionyesha, basi. Mimi nilibaki na ombi moja tu kwa Mungu, nikiwa kanisani, nikiwa sokoni, nikiwa shambani napalilia: nisikie tena sauti ya mwanangu.

Sasa, huku kwetu salamu si kitu cha kupita nacho haraka. Mtu akikuambia "Kamwene" unasimama, unaitikia, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa, na wewe unauliza zake. Binti akikutana na mzee anapiga goti. Kupita bila kuitikia ni tusi, na binti yangu alikuwa anapita. Akisalimiwa kwa nyuma atajuaje? Wakaanza kusema ana maringo, eti homa imemwachia kiburi. Nilitamani niwakabe mmojammoja. Badala yake nikawa natangulia mbele yake, naitikia mimi, nauliza mimi, nacheka mimi, halafu nasema, "Na huyu naye anawasalimu." Hata zahanati nilikuwa naeleza mimi anapoumwa. Nikawa mdomo wake, na nikajiona mama kweli kweli.

Baba yake akamnunulia simu ya kupangusa, na hapo ndipo alipozama. Asubuhi simu, mchana simu, maharage yanaungua, yeye simu. Nilimwambia mume wangu, "Hiyo simu umeileta wewe. Siku nikiuliza mwanangu amekwenda wapi, utanijibu wewe." Mume wangu ni mtu wa parachichi zake na maneno machache. Akaitikia, "Mh."

Jumapili moja baada ya ibada mvua ilitufungia ndani, nikaenda kukaa kitandani pake, nikachungulia. Niliona vijana wamekaa kwenye mkeka kando ya barabara ya mjini, pikipiki zimepangwa nyuma yao. Wasichana wengine wamejifunga vitambaa kichwani vizuri, wengine wamepaka nywele rangi ya karoti. Mbele yao vikombe vya plastiki na bakuli za tambi. Hakuna kazi wanayofanya! Wamekaa tu. Na wote wanaongea kwa mikono. Mikono inaruka, wanasukumana, wanacheka mpaka wanaangukiana.

Nikamgusa bega, nikakunja uso, ndiyo ilikuwa ishara yetu ya kuuliza. Akaandika, "Indonesia. Ni viziwi. Hicho kibanda cha kahawa ni chao."

Nikachukua simu nikaandika, "Wanakaa tu hivyo? Kwao hakuna mashamba?"

Akaandika, "Ndiyo mtindo wa vijana wa huko. Wanaita nongkrong. Ni kukaa na wenzako, hata kama hamna la kufanya."

Mh! Huku kwetu kijana akikaa hivyo tunasema yuko kijiweni, na hatumsifu. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya jambo hilo, ila kuandika kunachosha, nikaacha. Nikamuuliza kwa nini Indonesia, kwani wa jirani hawapo? Akanieleza kwamba wale vijana huandika chini ya video kila neno wanalosema, hata utani wa kijinga. Na maneno yao, simu ikiyatafsiri, anaweza kuyasoma, tena mengine ni ya kwetu kabisa: bendera ni bendera, dunia ni dunia, meza wanaandika meja. Kwake yeye watu wote walikuwa wamebaki midomo inayotikisika. Wale walikuwa wa kwanza kumwambia kila kitu bila kuombwa. Nilimwelewa, na moyo uliniuma kwamba jambo hilo lilikuwa rahisi namna ile na sisi hatukuliwaza.

Basi nikirudi sokoni, ambako nauza masweta ya mitumba, nikawa nakaa naye tunaangalia pamoja. Tukajifunza zile ishara zao: njoo, maji, asante, mbaya, tamu, nimechoka. Mimi mikono yangu ni ya kushika jembe, haikunjiki vizuri, na nilipokosea alikuwa ananishika vidole anavipanga. Baba yake alijifunza "chai" akasema imemtosha. Baadaye binti yangu akaanza kuandikiana na msichana mmoja wa kile kibanda, simu ikiwatafsiria. Siku moja nilipita mlangoni nikamwona anacheka peke yake, mabega yanatikisika, sauti hamna. Nilirudi jikoni nikashika ukuta nikasema, "Asante, Yesu. Na hawa watoto wa watu, wabariki."

Siku nyingine akanivuta mkono nione kitu. Wale vijana walikuwa wanakunywa parachichi! Juisi ya parachichi mimi si mgeni nayo, lakini wao wanalisaga zito kama uji wa mtoto, wanapaka chokoleti kwenye kuta za kikombe, wanatia barafu, halafu juu wanamwaga kahawa. Kahawa juu ya parachichi, jamani! Sisi parachichi tunalijua kwa chumvi na ugali, na yale mazuri yanachukuliwa na wanunuzi yanakwenda ng'ambo, tunabaki na yenye makovu. Binti yangu akaandika, "Yenye makovu tunayo. Kahawa ipo. Na mimi nataka kibanda." Neno "nataka" aliliandika kwa herufi kubwa. Tangu augue, hakuwahi kunionyesha neno hilo kwa jambo kubwa kuliko daftari au sabuni.

Mahali pazuri palikuwa baraza ya mama mmoja mzee wa kanisa letu, mjane, nyumba yake iko karibu na njia panda ya kwenda Njombe, mabasi na malori yanasimama pale. Tatizo ni kwamba mama huyo ndiye aliyechukia kuliko wote. Alimsalimu binti yangu kwenye lango la kanisa, binti akapita kama upepo, na tangu hapo hata mimi alikuwa ananipa ncha za vidole tu.

Tukaenda. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu nyumbani, kwanza ya kuomba radhi, halafu ya baraza. Sikupata nafasi. Binti yangu alipiga goti, akauchukua mkono wa kulia wa yule mama, akauinamia, akauweka kwenye paji la uso wake. Ndivyo vijana wa Indonesia wanavyosalimu wazee wao, alikuwa ameiona kwenye video mara nyingi, na aliipenda kwa sababu ni salamu isiyohitaji masikio.

Lakini huku kwetu mtu akikuwekea kichwa mkononi namna ile anataka nini? Anataka maombi! Yule mama akashusha pumzi, akaongeza na mkono wa pili, akafumba macho, akaanza. Weee, aliomba! Aliombea masikio, akaombea ukoo wetu pande zote mbili, akaombea viongozi wa nchi, mvua, na vijana walioacha kanisa. Binti yangu ameinama pale hajui kinachoendelea. Akijaribu kuinuka, anarudishwa chini. Akanitazama kwa jicho moja kutoka chini ya ile mikono, ananiuliza kuna nini, na mimi nimebana kicheko mpaka machozi yanatiririka. Yule mama alipofumbua macho akayaona machozi yangu, akajua nimeguswa.

"Amina," akasema. "Nilimdhania vibaya mtoto huyu. Haya, niambieni shida yenu."

Tukapewa baraza. Njiani nilimweleza binti yangu kilichotokea, kwa mikono na kwa kuandika, na tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye nyasi.

Tukafungua Juni. Sasa niulizeni, ni nani mwenye akili timamu anafungua kibanda cha kinywaji cha barafu Makambako mwezi wa Juni? Asubuhi nyasi ni nyeupe kwa umande ulioganda, watu wamevaa makoti na kofia za sufu mpaka machoni. Mimi nauza masweta, Juni ndiyo mavuno yangu, na sikuwaza! Kwenye simu tuliona jua, watu wenye fulana, tukaona na sisi tuko kulekule. Abiria walishuka kwenye basi, wakashika kikombe, wakasikia barafu, wakakirudisha mezani kama kimewauma. Kijana mmoja aliuliza kama ni dawa.

Nikasema, hili dogo, tupashe moto. Binti yangu akakataa kwa kichwa, mimi nikawasha jiko. Sikujua kwamba parachichi likichemka linakuwa chungu kama kwinini. Mume wangu ndiye aliyekuwa wa kuonja. Ni mtu asiyetupa chakula, akanywa mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini taratibu, akatufanyia kwa mkono ile ishara ya "mbaya". Hatukujua kama anaijua. Binti yangu alicheka akaegemea nguzo.

Jioni ile ile akamwandikia rafiki yake wa Indonesia. Yule msichana hakuamini. Kwao ni joto mwaka mzima, akasema na Afrika si ndiyo jua lenyewe? Basi binti yangu akarekodi video: nyasi nyeupe za alfajiri, abiria wa basi wamejifunga mashuka juu ya makoti, na mimi, bila ruhusa yangu, nimevaa kofia yangu ya bluu, nikionja kile cha barafu na kutetemeka. Akaiweka mtandaoni. Loo! Vijana wa Indonesia walimiminika kwenye ile video kama nyuki. Wengine walisikitika, wengine walicheka, wengi waliuliza yule mama mwenye kofia ya bluu ni nani. Na katikati ya maneno yao yote, kijana mmoja akatoa ushauri: parachichi msilipike, liacheni lilivyo, halafu mlimwagie kahawa ya moto kabisa mteja anapotaka kunywa. Tukajaribu. Chini baridi tamu, juu moto mchungu, chokoleti inayeyuka katikati. Yule mama mwenye baraza alikunywa cha kwanza akadai cha pili.

Basi vijana wakaanza kuja. Binti yangu alitandika mikeka barazani kama alivyoona kule, akaweka vigoda na mashuka mazito ya kujifunika miguu, na ukutani akachora mikono inayoonyesha ishara: ya kahawa, ya sukari, ya asante. Sheria yake ni moja, unaagiza kwa mkono. Ukikosea ishara unaletewa ulichokosea, na wenzako wanakuzomea. Wanafunzi walipenda sana mchezo huo. Walikaa mpaka jua linakuchwa, simu mkononi, wakirekodiana, hawana la maana wanalofanya, na mimi niliyekuwa nawasema vijana wa vijiweni nikawa ndiye nawaletea mashuka. Ndiyo hiyo nongkrong. Watu waliokuwa wanasema ana maringo sasa walikuwa wanapunga mikono wakiwa bado ng'ambo ya barabara, ili awaone vizuri.

Kisha akaja dada mmoja fundi cherehani kutoka Mjimwema, Njombe mjini. Kiziwi tangu kuzaliwa, ishara alizisomea shuleni, aliona ile video akapanda gari kuja kutafuta wenzake. Alifika akiwa na furaha, mikono ikaanza kwenda mbio. Binti yangu akajibu mbio vilevile. Wakasimama. Wakaanza tena, polepole. Wakasimama tena. Hawaelewani hata kidogo! Yule dada akageuka akawaona wanafunzi kwenye mikeka wanaagiza kahawa kwa mikono, akashika kiuno, akachukua kalamu akaandika nyuma ya kipande cha katoni: "Haya yote ya wapi?"

Sisi tulidhani ishara ni ishara. Kumbe Tanzania ina zake, na sisi tulikuwa tumewafundisha nusu ya vijana wa njia panda lugha ya alama ya Indonesia! Yule dada alicheka mpaka akakaa mkekani. Hakurudi Njombe siku ile, alilala kwetu, na tangu hapo kila akipata nafasi anakuja kutufundisha upya. Zile za Indonesia hatukuzifuta zote. Ya "asante" vijana walikataa kuiacha, wakasema wameshaizoea, na binti yangu akasema ibaki, kwa heshima ya wenyewe.

Ungedhani hapo ningetosheka. Nilishukuru, sikatai. Lakini mimi ni mama yake, na ile sauti bado nilikuwa naitamani. Alikuwa na mikono, alikuwa na marafiki, na koo lake lilikuwa kimya vilevile. Nilishaanza kuomba kwa kunong'ona, nikiona haya kumwomba Mungu zaidi wakati ameshatoa hivi.

Ikaja alasiri moja ya kawaida tu. Nilikuwa napita na robota la masweta kichwani, nikaona lori limesimama, dereva ameshuka, mtu mzima, mstaarabu. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya binti yangu akimwangalia usoni, anasema polepole ili binti amsome midomo, maana siku hizo alikuwa ameshajifunza kuisoma: "Kahawa peke yake ipo? Bila parachichi?"

Mimi nikatua robota, nikaingia kati. "Huyu hasikii, baba, niulize mimi. Kahawa ipo, kwa nini isiwepo, ila ungeonja na parachichi, ni Waindonesia waliotufundisha. Aliugua homa akiwa shuleni, masikio yakaenda, kuongea haongei, lakini akili anazo, tena nyingi, wewe niambie unataka nini nitamwambia..." Na nikaendelea. Yule dereva alijaribu kunikatiza kwa adabu, sikumpa nafasi. Sikuona kwamba binti yangu amegeuka, ananitazama mdomo, ananisoma neno kwa neno.

Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Mama, nyamaza!"

Sauti nzito, imepinda, kubwa kuliko alivyokusudia. Ilitoka mpaka barabarani. Kijiwe kizima kikageuka. Yule mama mwenye baraza akatoa kichwa mlangoni. Hapa kwetu mtoto hamwambii mama yake hivyo, tena mbele za watu, na mama mwenyewe ni mimi. Niliwaona wote wamekaa tayari kusikia nitakavyomshukia. Binti yangu mwenyewe hakuinamisha uso. Alinikazia macho.

Nikatafuta kigoda nikakaa, mikono mapajani, machozi yananishuka mpaka kidevuni na siyafuti. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na neno mdomoni na sikulisema.

Aliponiona nimenyamaza, akamgeukia yule dereva. Akavuta pumzi. Hakuna mtu mkekani aliyecheka.

"Ipo," akamwambia. "Unaweka sukari?"